Mchezo wa Fisi-maji

Fisi-maji wa Kalundu alitengeneza mchezo wa video wa uvuvi: Ziwa Tanganyika usiku wa giza, mtumbwi, taa moja na wavu. Ndakala, samaki wadogo, hupanda kuifuata taa, samaki wakubwa waitwao mukeke huja nyuma yao kuwala, na hapo ndipo mchezaji huvuta wavu. Wanyama wa Uvira wakajaa kibandani kwake.

Kinyonga akamwendea. "Dada, mchezo ni mzuri ila umekaa kimaskini. Niachie niupambe."

Akachora viwimbi pale ndakala wanapopanda, akaitia taa mng'ao. Ikapendeza kweli. Hakuishia hapo. Akaongeza miali, ile miduara ya rangi inayojipanga kwenye lenzi ya kamera. Matone ya maji juu ya skrini. Ukungu kila mtumbwi unapogeuka. Na mtikisiko kila wavu unapogusa maji. Fisi-maji aliposita, akaambiwa: "Hata mchezo wa Battlefield 3 wa mwaka 2011 ulijaa miali. Wakubwa ndivyo wanavyofanya."

Mnandi, mvuvi hodari, akaketi kucheza. Taa ilipowaka, skrini nzima ikawa nyeupe. Akavuta wavu kwa kubahatisha. Skrini ikatikisika, matone yakatiririka, mukeke wakapita katikati ya weupe ule asiwaone. Watazamaji wakashangilia rangi. Mnandi akainuka, macho yanamuuma.

Mzee Kiboko wa delta ya Ruzizi akauliza: "Mwanangu Kinyonga, mwezi ukiwa mpevu wavuvi wetu hufanya nini?"

"Hulala nyumbani, Mzee. Mwanga umetapakaa ziwa zima, taa haivuti samaki."

"Nawe umewasha mwezi mpevu ndani ya mchezo wa giza. Tena matone haya yako kwenye kioo cha nani? Mnandi yumo mtumbwini na macho yake, hakubeba kamera."

Nami nasimama na Kiboko. Watengenezaji wa lenzi huzipaka utando maalumu ili miali hiyo ipungue. Kuiunda upya kwa kompyuta mbele ya mtu anayetafuta samaki ni kumnyang'anya macho.

Fisi-maji akayavua mapambo moja moja. Viwimbi akaviacha, kwa kuwa vilimwonyesha mchezaji samaki walipo. Mng'ao akaupunguza. Mengine akayaweka kwenye mipangilio, yamezimwa, atakaye ayawashe. Mnandi akarudi kucheza, akakosa tena, na safari hii aliona wazi kwamba alichelewa kuvuta.