Sifa za Tabaka la Nane

Vyuoni hufundishwa kwamba mtandao wa kompyuta una matabaka saba, la chini kabisa likiwa la nyaya na la juu likiwa la programu. Mafundi, watu wa utani, wameongeza la nane: mtumiaji mwenyewe. Akiharibu, huambiana kwamba tatizo liko kati ya kiti na kibodi. Ubongo wake nao si maunzi wala si programu. Wameubandika jina la kifaa cha majimaji. Nani kawatuma? Kifaa hicho kinastahili mnara.

Tuanze na gharama. Hakifiki kilo moja na nusu, na kinatumia kama wati 20 tu. Hakidai umeme wa LUKU. Kipe ugali na maharage, kitakesha.

Kumbukumbu yake ndiyo usiseme: deni unalodai halifutiki, unalodaiwa halionekani. Neno la siri hukisumbua, kweli, ndiyo maana kikachagua 123456, au kikaliandika kwenye kikaratasi na kukibandika pembeni mwa skrini, mgeni asipate taabu. Mashine gani ina ukarimu huo?

Tena kina moyo. Mei 2000 barua pepe yenye kichwa cha maneno ya mapenzi ilitoka Ufilipino ikaambukiza mamilioni ya kompyuta. Kompyuta haipendi mtu. Waliofungua kiambatisho ni wale wenye kiu ya kupendwa. Huku kwetu hata kirusi hakihitajiki. Unaingia ujumbe, "Ile hela tuma kwenye namba hii," na kwa kuwa kweli kuna hela ilikuwa ya kutumwa, kifaa hakiulizi, kinabonyeza namba ya siri chenyewe. Ulinzi wote wa kampuni ya simu umepitwa na sentensi moja, tena isiyo na hata salamu!

Wabishi watanitajia chombo cha NASA kilichopotelea Mirihi mwaka 1999 kwa sababu kundi moja lilipiga hesabu kwa pauni na jingine kwa newton. Sikatai. Ila mwaka 1962, kabla mwanaanga John Glenn hajarushwa kuizunguka dunia, alitaka hesabu za kompyuta zihakikiwe kwa mkono na mwanahisabati Katherine Johnson. Hakuomba kompyuta nyingine.

Basi enyi mafundi, tukija na simu iliyoingia maji au faili tulilolifuta wenyewe, msitucheke. Kodi ya duka lenu tunailipa sisi wa tabaka la nane. Mtupunguzie bei.