Bustani ya Kipupwe kwa Wasiotaka Kula Mboga Zao

Hapa Arusha baridi hushika Juni hadi Agosti, na ndiyo miezi ambayo kabichi, karoti na letasi hustawi bila kubembelezwa. Kwa hiyo wewe sia mbegu mwishoni mwa Agosti. Miche ya kabichi hukaa kitaluni wiki nne hadi sita, basi utakapoihamisha itakutana na jua la Oktoba uso kwa uso. Letasi nayo haitakuangusha: ikipata joto hurefuka, ikatoa maua, na majani yakawa machungu kama shubiri.

Samadi chukua mbichi, ile inayofuka moshi. Iliyooza vizuri haina hata harufu. Jirani atajuaje kwamba unalima?

Karoti zina elimu yake. Wajuzi husia mbegu moja kwa moja kwenye tuta, kwa kuwa mzizi wa karoti haupendi kuhamishwa. Wewe zioteshe kwenye kopo, kisha hamisha. Udongo usiutifue, mawe yaache yalipo, na ile samadi mbichi imwage hapohapo. Zikiota zimebanana, usipunguze; nani ana roho ya kung'oa kichanga ili mwenzake apate nafasi? Baada ya miezi mitatu utachimba vitu vyenye miguu miwili, vingine mitatu, vingine vimekumbatiana hata huoni kisu kipite wapi. Sokoni haviuziki, lakini watoto watacheka wiki nzima.

Mwagilia usiku, majani yalale na maji. Ukungu nao una familia.

Geuza jani la kabichi. Hao viwavi wadogo wa kijani, wanaojinyonganyonga ukiwagusa na kuning'inia kwa uzi, ni watoto wa nondo mgongo almasi. Usiwatoe kwa mkono, utachafua kucha. Subiri jani libaki neti, ndipo uulize dawa. Uzio usijenge: kuku wa jirani watafikaje?

Kabla ya hayo yote, piga picha miche ikiwa bado mizima uiweke status.

La mwisho, usikanyage TARI Tengeru kuuliza habari za mboga. Wale ni watafiti, watakueleza ukweli na mavuno utayapata. Ukiwa maeneo hayo pitia sokoni tu: siku zake ni Jumatano na Jumamosi. Beba kikapu kikubwa, uwahi asubuhi.