Dumuzi, Mgeni Mwenye Adabu

Matogoro tumezoea kujisifia mto. Ruvuma unachimbuka kwenye milima yetu, sawa, lakini ukishachimbuka hauna habari nasi tena. Unakwenda zake kupita mpakani na Msumbiji hadi Bahari ya Hindi. Dumuzi yeye alitoka mbali akatufuata, na amekaa. Namsifu yeye.

Ni mdudu wa milimita tatu au nne, kahawia iliyokolea, kichwa amekiinamisha chini ya kifua kama mkwe mbele ya ukweni. Asili yake ni Mexico na Amerika ya Kati. Mwishoni mwa miaka ya 1970 alikwisha kuingia Tabora, na magunia yakamsambaza. Mikoa minne mikubwa ya mahindi ilikuwa Iringa, Mbeya, Rukwa na Ruvuma. Mgeni mwenye akili angeelekea wapi kwingine?

Kinachonifurahisha zaidi ni jinsi anavyotupokea tulivyo. Bwana shamba alituasa: anikeni mahindi yakauke, fukusi asipate unyevu. Tukaanika. Fukusi akalegea, dumuzi akashukuru, maana huzaana hata kwenye punje iliyobaki na unyevu wa asilimia 10. Tukayaacha mahindi kwenye magunzi, tukayapandisha darini. Ndivyo apendavyo: punje iliyoshikwa na gunzi haichezi anapoitoboa. Tukajenga kihenge cha fito, akatafuna na fito. Hapo msimlaumu, kula mti mkavu ni mila ya kwao. Tukanyunyiza dawa ya fukusi, ile ya pirimifosi. Haikumtosha, ikabidi wataalamu waongeze na permetrini kwa ajili yake. Mdudu mwenye dawa yake rasmi, na zahanati zetu mnazijua.

Ukarimu ndio usiseme. Dume akipata chakula hutoa harufu inayowaita wenzake, majike kwa madume, waje wale. Ninao ndugu wanaofunga mlango wakisonga ugali.

Halafu anasaga. Hadai umeme, hapangi foleni mashineni. Mwezi wa tano au wa sita unaweka gunia la mahindi, na mvua za Novemba zikianza unakuta unga. Kwamba unga huo haupikiki ni udhaifu wa wapishi.

Siku hizi imekuja mifuko ya kinga njaa, isiyopitisha hewa. Ukiifunga barabara, wadudu waliomo humaliza hewa wenyewe na kufa. Nakiri, mara nyingi mfuko hushinda. Ila wapo madumuzi wanaowahi kutoboa nailoni kabla hewa haijaisha, na kwa tundu hilo ukoo mzima unapumua. Mfuko ukitobolewa, utanunua mwingine wewe. Dumuzi hachangii.