Mwongozo wa Moto kwa Mgeni wa Garsen

Umeshuka Minjila na jua limekupokea kabla ya mwenyeji wako. Kabla hujafungua begi, kuna swali moja nakuomba usiliulize hadharani, kwa sababu kila mgeni huliuliza na wenyeji wamelichoka: kwa nini stima ni ghali hivi, na Mto Tana huu hapa?

Mto ukifika hapa umeshamaliza kazi. Umezungusha mitambo ya Masinga, Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere, umewawashia watu wa Nairobi taa, kisha unatuletea sisi tope, kambare na mamba. Stima yenyewe hupita njia nyingine, juu kwa juu, kwenye nyaya za kilovolti 220 zinazotoka Rabai kupitia Malindi hadi Lamu. Mto na umeme wake hukutana tena kwenye risiti tu, na hapo tutafika.

Jambo la kwanza ni chumba. Utaonyeshwa chumba kizuri, ukuta umepigwa rangi, na mwenye ploti atakuambia, "Stima ipo, mnachanga." Neno hilo lisikilize vizuri. Tangu Aprili 2023, bei ya chini kabisa ni ya mtumiaji wa nyumbani asiyezidi uniti 30 kwa mwezi, kwa wastani wa miezi mitatu. Zamani kikomo kilikuwa 100. Sasa chukua ploti ya vyumba sita yenye mita moja, kila chumba kikitumia uniti 10 za taa na simu. Hapo hakuna hata mmoja anayestahili kuitwa tajiri. Lakini mita inaona mtu mmoja aliyekula uniti 60, na huyo hutozwa bei ya daraja linalofuata. Serikali haikujui wewe, inaijua mita. Umaskini wa watu sita ukiunganishwa kwenye waya mmoja huhesabika kuwa neema.

Na kila ploti ina friji moja. Ni ya mama auzaye maji baridi na barafu, mtu mwema, atakukopesha hata sukari. Mchango ni sawa kwa wote. Ukithubutu kumwambia, "Mama, friji hii nayo ingechangia kidogo," atakujibu kwa upole, "Mwanangu, na feni yako hulala saa ngapi?" Hapo utakuwa umeshindwa, kwa hiyo jifunze hesabu kabla ya kufungua mdomo. Uniti 30 kwa mwezi ni uniti moja kwa siku. Feni ya wati 60, kuanzia saa tatu usiku hadi saa kumi na moja alfajiri, hula karibu nusu ya hiyo uniti. Pasi ya wati 1,000 huimaliza yote kwa saa moja. Birika la wati 2,000 linahitaji nusu saa tu. Atakayekushauri uzime feni ili kubana matumizi hajawahi kulala Garsen mwezi wa Machi. Zima pasi. Hapa shati lenye mikunjo halimvunjii mtu heshima, na aliye na harusi ataazima pasi ya makaa.

Sasa chakula. Mafuta ya taa usijisumbue nayo: mwaka 2018 yaliongezewa ushuru wa shilingi 18 kwa lita ili walanguzi wasiyachanganye na dizeli, na hivyo wenye koroboi wakatozwa kwa dhambi za wenye malori. Gesi ni safi na ya haraka. Ushuru wake ulirudi 2021, ukapunguzwa 2022, ukaondolewa 2023, na mtungi bado lazima usafiri kwa barabara hadi hapa. Mafuriko ya El Niño ya mwishoni mwa 2023 yalipoifunika barabara ya Lamu upande wa Gamba, mwenye mtungi mtupu alirudi kwenye mafiga kama jirani zake.

Utabaki na mkaa. Ukiununua kwa mkebe utalipa zaidi ya anayenunua gunia, lakini gunia linataka pesa za mkupuo, na mwenye pesa za mkupuo hangekuwa akisoma mwongozo huu. Loweka maharagwe tangu usiku, funika sufuria, na makaa yaliyobaki yafukie kwenye majivu. Haya ndiyo mawaidha pekee humu yasiyo na mzaha.

Watakuambia pia kuna kuni za bure, mathenge. Ni kweli. Mti huo uliletwa pwani mwaka 1973, na mwanzoni mwa miaka ya themanini ukapandwa Bura kwa nia njema kabisa, ili watu wasikose kuni. Hawajakosa. Umejaa malishoni, umejaa kando ya mifereji, na maganda yake matamu huozesha meno ya mbuzi. Wenzetu wa Baringo walimpeleka mbuzi kibogoyo mahakamani kama ushahidi. Moto wake ni mkali na mkaa wake ni mzuri. Ila ukienda kuukata vaa viatu vya soli nene kwa ajili ya miiba, na gharama ya kuziba tairi la bodaboda uiandike kwenye hesabu ya kuni za bure.

Turudi kwenye risiti. Utanunua tokeni za shilingi 100 na kupokea tarakimu 20 kwa uniti zisizofika tano. Mistari mingine ya risiti ni mafuta ya mitambo, fedha za kigeni, asilimia 5 ya kusambaza umeme vijijini, na VAT. Katikati yake utakuta senti chache za maji, yale maji yaliyozungusha mitambo kule juu. Usilalamike kwamba umelipia kitu ambacho hukukiona. Mvua ikizidi Mlima Kenya na Aberdare, Masinga hujaa na kufurika, redio hututangazia tuhamie nyanda za juu, na maji uliyoyalipia huletwa hadi mlangoni.

Katika kipindi hicho stima huzimwa, nawe utakuwa kambini chini ya turubali. Hutatumia uniti hata moja. Maji yakichelewa kushuka, wastani wako wa miezi mitatu utateremka vizuri chini ya 30, na utarudi nyumbani ukiwa umestahili bei nafuu. Angalia tu kwamba mita ilifungwa juu ya alama ya tope la mwaka jana.