Ukucha wa Njia Mbili

Kati ya vidole vyote vya mkono, kinachoumizwa ukucha mara nyingi zaidi ni kile cha kati, na mshtakiwa mkuu huwa ni mlango. Kosa la kidole hicho ni urefu tu. Wenzake wakishajiokoa, chenyewe bado kiko kizingitini.

Mwalimu mmoja wa Mbagala aliligundua hilo ndani ya Hiace, konda alipouburuta mlango, akapiga bati na kupaza sauti, "Suka, twende!" Ukelele uliofuata uliwanyamazisha hata waliokuwa wakidai chenji. "Pole sana mama," alisema konda, "lakini mkono umeuwekaje hapo?" Hilo si swali la kumuuliza mtu anayelia.

Kufika usiku, damu ilikuwa imevilia chini ya ukucha na kidole kizima kilikuwa kikipiga ngoma. Asubuhi, kwenye zahanati, tabibu alishika sindano na kuanza kuutoboa ukucha wenyewe, taratibu, akiizungusha kwa vidole viwili. Mwalimu alifumba macho, akaanza kuwataja watoto wake mmoja mmoja. Hakuhisi kitu, kwa kuwa ukucha hauna mishipa ya fahamu. Maumivu yote yalitokana na damu iliyobanwa chini yake. Tone jeusi lilipochomoza tunduni, aliomba msamaha kwa yote aliyomwazia tabibu.

Ule mweusi uling'oka, ukaja mpya. Mpya huo ulikuwa na ufa katikati, kuanzia kwenye ngozi hadi nchani.

Ofisi ya walimu ikageuka kliniki. Mmoja alisema ni upungufu wa madini, mwingine akaleta kitunguu saumu, wa tatu akauliza kwa sauti ya chini kama kuna jirani waliyegombana. Darasa la pili ndio waliosema ukweli bila kupepesa. Mwalimu akiandika ubaoni, wao walikuwa wakisoma kidole. "Mwalimu, ukucha wako una barabara."

Barabara hiyo ilichimbwa mahali pasipoonekana. Ukucha hutengenezwa kwenye shina lililofichwa chini ya ngozi, na kipande cha shina hilo kinachochungulia ndicho kile kinusu mwezi cheupe. Shina likipata kovu, kila ukucha utakaotoka utakuja na ufa au tuta. Mfupa wa nchani ukikatika na kupotea, ukucha hukosa pa kuegemea, ukainama na kuikumbatia nyama ya kidole. Walio na bahati hupata mikunjo tu, nayo husogea mbele na kukatwa pamoja na kucha nyingine. Upasuaji wa kuondoa kovu upo, ila wapasuaji wenyewe hawaahidi ukucha laini, na mwalimu aliposikia hivyo alikumbuka ghafla kwamba ana mitihani ya kusahihisha.

Asiyejua kusubiri asivunje ukucha. Wa mkononi hukua takriban milimita 3 kwa mwezi, hivyo kuota upya kabisa huchukua kama nusu mwaka. Wa mguuni unaweza kufika mwaka na nusu. Daktari mmoja wa Marekani, William Bean, aliufanya mwendo huo kuwa kazi ya maisha: kila mwezi alichora alama kwenye ukucha wa kidole gumba chake, akafanya hivyo kwa miaka 35. Alipokuwa na umri wa miaka 32, ukucha ulikua milimita 0.123 kwa siku. Alipofika 67, ulikuwa umepunguza mwendo hadi 0.095. Kwenye ofisi ile ya walimu, Bean angeulizwa naye amegombana na jirani gani.

Ilipokaribia Idi, alipita kijana wa kupaka rangi kucha, akigonganisha vichupa ndani ya kikapu. Mwalimu alinyoosha mikono. Kijana alipaka kwa ufundi mpaka akafika kidole cha kati, akasimamisha brashi, akakisogeza kwenye mwanga, akakigeuza huku na huku.

"Dada yangu," alisema, kwa heshima yote, "hapa mimi nahesabu kucha kumi na moja."