Heko kwa Seva Kuukuu

Mashine mpya hazikosi wa kuzisifia. Hakuna anayeikumbuka ile iliyokaa chini ya meza ya mhasibu, kifuniko cha ubavuni kimeng'olewa ili ipate hewa, vumbi la mji wa Kayanga limeganda kwenye feni, na kipande cha karatasi kimebandikwa juu yake: USIZIME. Ndani yake mna Windows Server 2003, au ndugu yake XP aliyepewa cheo cha useva bila kukisomea. Katika ofisi na maduka ya steshenari ya Karagwe na Kyerwa, mkoani Kagera, mzee huyu amechapa kazi muda mrefu bila hata cheti cha mfanyakazi bora.

Umri wake peke yake ungetosha kumpa heshima. XP ilitoka Oktoba 2001. Kyerwa ilipomegwa kutoka Karagwe mwaka 2012 ikawa wilaya, yeye alikuwa na zaidi ya miaka 10 kazini. Tarehe 8 Aprili 2014 Microsoft ilisitisha huduma kwa XP, na Julai 2015 ikawa zamu ya Server 2003. Huko Marekani wakafunga jalada. Nkwenda na Kaisho, kule Kyerwa, hakuna aliyeletewa barua, basi kazi ikaendelea.

Fadhila yake kubwa ni kuwafunza watu kuheshimu saa. Server 2003 ikisimamia mtandao wa ofisi humtambua mtumiaji kwa utaratibu uitwao Kerberos, na utaratibu huo kwa kawaida hauvumilii saa za mashine mbili zipishane zaidi ya dakika 5. Sasa, saa ya mashine hutunzwa na kibetri bapa, CR2032, umeme unapokatika. Na umeme hukatika: kwa miaka mingi Kagera ilitumia umeme ulionunuliwa Uganda, uliopita Masaka hadi Kyaka, hivyo hitilafu ya ng'ambo ya mpaka iliweza kuzima taa za Kayanga. Kibetri kikishachoka, umeme ukirudi mzee anaamka akiamini ni Januari 2002. Wafanyakazi wanaandika nywila zao sahihi, wanakataliwa. Tovuti nazo zinagoma, kwa kuwa vyeti vyake vya usalama, kwa hesabu ya mashine, bado havijatolewa. Mtu wa IT anaitwa. Akiwa mgeni wa kazi, anauliza saa ngapi, anajibiwa saa mbili asubuhi, naye anaandika 2:00. Hapo wenye saa sahihi ndio wanaofungiwa nje. Kibetri kipya ni cha bei ndogo sana, ila nani amewahi kuona fungu la vibetri kwenye bajeti?

Umeme ukikatika ghafla, diski nayo hudai kukaguliwa. Skrini inageuka buluu, chkdsk inaanza kuhesabu asilimia, na ofisi inapata mapumziko ambayo hakuna mkuu wa idara angeyaidhinisha. Karagwe ni wazoefu wa kungoja. Januari 1862 mvumbuzi Mwingereza Speke alitangulia kwenda Buganda akamwacha mwenzake, James Grant, kwa mfalme Rumanyika akiuguza mguu. Grant aliondoka Aprili. Diski ya gigabaiti 80 yenye sehemu mbovu haichukui muda wote huo, ingawa ikikwama kwenye asilimia 27 wapo wanaoanza kutia shaka.

XP Professional ina adabu zake pia. Hupokea wageni 10 tu kwa wakati mmoja kwenye mafaili yake; wa 11 anarudishwa mlangoni. Ofisi yenye kompyuta 14 inalazimika kusemezana: "Dada, hebu toka kidogo kwenye faili la mishahara, na mimi niingie." Hakuna semina ya utawala bora iliyowahi kuleta mazungumzo kama hayo.

Wenye wivu husema mzee hana kinga. Ni kweli, na virusi wanalijua hilo. Huku hawana haja ya kupita kwenye nyaya. Wanapanda bodaboda kutoka Omurushaka, ndani ya flashi ya mtu aliyekuja kuchapa barua ya maombi ya kazi. Mafolda yote yanageuka shotikati, fundi anapiga Windows upya, anakula jasho lake. Lakini tukumbuke Mei 2017. Virusi wa WannaCry walipoenea duniani na kuzifunga hata kompyuta za hospitali za Uingereza, lawama nyingi zilimwangukia XP. Wataalamu walipojaribu maabara wakakuta jambo la ajabu: virusi hao walipomvamia XP, mara nyingi mashine ilikuwa inaanguka na kuonyesha skrini ya buluu kabla hawajamaliza kazi yao. Wengi waliotekwa walikuwa wakitumia Windows 7. Mzee alizimia, akasalimika.

Ndiyo maana hata kompyuta mpya ikinunuliwa, yeye hastaafu. Programu ya hesabu iliandikwa kwa ajili yake, na printa ile ya sindano inayotoa risiti kwa nakala za kaboni haina pa kuchomeka waya wake kwenye laptopu ya kisasa. Tena laptopu yenyewe haimwoni mtandaoni. Windows 10, kuanzia toleo la mwishoni mwa 2017, ilianza kuachana na SMB1, lugha ya kale ya kupeana mafaili, na mzee hajui nyingine. Hapo mkubwa hashuki, mdogo ndiye anayepanda. Fundi anafungua mipangilio ya laptopu, anaiwasha SMB1, mlango uleule walioupitia WannaCry, anawasha upya mashine, na mafaili ya mwaka 2009 yanatokea. Mhasibu anampongeza, bosi anachukua laptopu nyumbani, na risiti zinaendelea kuchapwa na yuleyule wa chini ya meza.