Sifa za Dari la Bisi

Washairi wameyasifu macho, wameisifu bahari, wamekisifu hata kikombe cha kahawa. Dari la bisi hakuna aliyelikumbuka. Nasema lile dari la nyumba za Marekani lenye vinundu vyeupe vilivyopulizwa kwa kompresa, ambalo kila anayetazama nyumba ya miaka ya 1970 kwa nia ya kuinunua hulikodolea macho, hukunja uso, kisha huuliza kuling'oa ni dola ngapi. Watu wetu walioko Minneapolis, Columbus na Houston wanalijua. Kwa wengi wao lilikuwa mwenyeji wa kwanza: usiku wa manane, mtu kalala chali kwenye fleti mpya, mwili bado unafuata saa za Dar es Salaam, hana la kufanya ila kuhesabu vinundu. Mwenyeji wa namna hiyo anastahili mtu wa kumsemea.

Kwanza, huruma yake kwa mafundi. Dari laini ni mateso. Mbao za jipsamu zikishapigiliwa, viungo hubandikwa utepe, hupakwa puti, husubiriwa vikauke, hupigwa msasa, hupakwa tena, hupigwa msasa tena, na muda wote huo fundi kainua shingo huku vumbi likimshukia machoni. Baada ya Vita Vikuu vya Pili, Marekani ilikuwa ikijenga mitaa mizima kwa mkupuo, na wenye miradi hawakuwa na subira na shingo za mafundi. Ndipo lilipokuja dari la bisi: koroga, jaza, puliza, ondoka. Kiungo kilichopinda kikafunikwa. Kichwa cha msumari kilichochomoza kikafunikwa. Vinundu vikatupiana vivuli, jicho likachanganyikiwa, lisione tena bonde wala kilima. Ni nani mwingine humo nyumbani anayemsitiri mtu asiyemjua kwa miaka hamsini bila kudai hata ahsante?

Linganisha na ukatili wa wazee wetu wa pwani. Katika nyumba za mawe za Lamu na Mji Mkongwe, boriti za mikoko ziliachwa wazi juu ya vichwa vya watu. Upana wa chumba ulifuata urefu wa boriti, ndiyo maana vyumba vile ni virefu na vyembamba, na boriti iliyopinda ikabaki imepinda mbele ya macho ya wajukuu na vitukuu. Fundi hakuachiwa pa kujificha. Dari la bisi lisingemtendea hivyo.

Waliolinadi walisema pia kwamba humeza mwangwi. Humeza kidogo, ni kweli. Lakini jirani wa juu akivaa viatu vya visigino utamsikia vilevile, na msifuji mwenye haya hujua pa kukomea. Nisisahau pambo: wapo waliolinyunyizia chembe za kumetameta kabla halijakauka, sebule ikapata nyota zake.

Wanaolichukia husema halisafishiki. Ukilifuta, linapukutika, ukilipaka rangi ya maji kwa rola, vinundu hulowa na kuondoka na rola. Mtoto akirusha mpira, chembe zinashuka kwenye sahani ya wali. Mimi hapo naona uaminifu. Moshi wa kila sigara na mvuke wa kila sufuria vimehifadhiwa humo. Paa likivuja, hutoa doa la rangi ya chai ambalo hakuna mwenye nyumba anayeweza kulieleza vizuri mbele ya mnunuzi.

Lakini sifa yake kuu ni kujua kudai heshima. Kwa miongo kadhaa mchanganyiko wake mara nyingi ulitiwa asbesto, madini ya nyuzi yasiyoungua na yaliyokuwa rahisi kwa bei. Hata pale yalipotumika madini mengine, vermikulaiti, shaka haikuisha, kwa sababu sehemu kubwa ya vermikulaiti ya Marekani ilichimbwa Libby, jimbo la Montana, katika mgodi ambao mwamba wake wenyewe ulikuwa na asbesto. Mwaka 1973 serikali ya Marekani, kupitia mamlaka yake ya mazingira, EPA, ilizuia kupuliza asbesto kwa ajili ya kukinga moto na joto. Marufuku ikafika kwenye mapambo mwaka 1978. Dari lililokwisha kupulizwa halikuambiwa lishuke.

Nalo halikushuka. Likiwa zima, bila kuguswa, nyuzi zake hutulia ndani yake. Ukilikwangua kavu, zinapaa, zinavutwa, zinakaa mapafuni, na maradhi yake, yaani asbestosi, saratani ya mapafu na mesothelioma, yanaweza kungoja miaka ishirini, hata arobaini, kabla ya kubisha hodi. Aliyelala usimwamshe, ukimwamsha utalala wewe. Methali hii haikutungiwa dari, ila sijaona mahali pengine inapokaa sawasawa hivi.

Tuseme maabara imelitakasa: hakuna asbesto. Hapo dari la bisi huanza kumfundisha mwenye nyumba. Samani zote nje. Nailoni sakafuni na ukutani. Umeme uzimwe, maji yapulizwe kwa bomba la mkono, usubiri yapenye, kisha ukwangue kwa bapa pana, taratibu, usije ukaichana karatasi ya jipsamu. Lisilopakwa rangi hushuka kama uji mzito. Lililopakwa rangi ya mafuta hukataa maji, na mtu hupanda na kushuka ngazi akiomba radhi kwa kila aliyewahi kumdharau. Likikwisha kushuka ndipo siri hufichuka: viungo vibovu, mashimo, mawimbi, uzembe wote wa mwaka 1972. Sasa puti, msasa, puti, msasa. Ile kazi ya shingo aliyoikwepa fundi wa kwanza imemsubiri mwenye nyumba, na hakuna hata nukta iliyopungua.

Wenye busara hulifunika. Jipsamu nyembamba mpya hukazwa kwa skrubu mpaka kwenye boriti za juu, au hupigiliwa mbao zinazoshikana ulimi kwa mfuo; chumba hupoteza sentimita chache na taa hushushwa kidogo. Hiyo naiona tuzo inayolistahili: limesitiri wengine, nalo lisitiriwe. Ila kama lina asbesto, hata skrubu hulitoboa, kwa hiyo kazi hiyo nayo ni ya wenye leseni, na anayekuja kununua nyumba aambiwe kilichomo.

Basi wewe uliyenunua nyumba ya kabla ya katikati ya miaka ya 1980 huko ughaibuni, na ngazi umekwisha kuiazima kwa jirani, irudishe kwanza. Mwite mpimaji achukue kipande kidogo kikiwa kimeloweshwa, akifunge, akipeleke maabara. Majibu yakizidi asilimia 1 ya asbesto, sheria za Marekani hulihesabu dari hilo kuwa la asbesto. Hapo weka bapa chini, uwaite wenye leseni, au uliache lilivyo.